Je, Wajua? Siku 27 za Klasta na Mambo Mengine ya Foleni za Ujumbe Kwenye Meinfremu

Chaneli ya IBM MQ, yaani njia inayobeba jumbe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, ikikosa kumpata mwenzake wa upande wa pili hujaribu tena mara 10, kila baada ya dakika moja. Ikishindwa zote huingia awamu ya pili: hujaribu kila baada ya dakika 20, mara 999,999,999. Piga hesabu. Chaneli iliyoachwa na mipangilio iliyokuja nayo inaweza kuendelea kubisha hodi kwa zaidi ya miaka 38,000.

Chaneli hiyohiyo, opereta akiisimamisha kwa amri kisha akasahau kuiwasha, haitajaribu hata mara moja. Itakaa katika hali ya STOPPED mpaka mtu aiambie ianze. Ndiyo maana fundi mzoefu, akiamshwa saa nane ya usiku akaambiwa jumbe hazipiti, kitu cha kwanza anachokitafuta kwenye skrini ni hali ya chaneli. RETRYING maana yake chaneli inataka kwenda ila njia imekatika: mtandao, fayawoli, au mwenzake amezimwa. STOPPED maana yake kuna mtu aliyeisimamisha, au kosa linalosubiri mtu alitazame. Hivyo ni visa viwili mbalimbali, na anayevichanganya hupoteza usiku mzima akichunguza waya ambazo hazina tatizo.

Ujumbe unaosubiri kwa adabu

Kwa wasiowahi kukutana nayo: MQ ni programu ya kupelekeana ujumbe baina ya programu. Programu moja huweka ujumbe kwenye foleni na kuendelea na shughuli zake, nyingine huuchukua ikiwa tayari, iwe baada ya sekunde au baada ya saa tatu. Katikati yupo meneja wa foleni, anayebeba dhamana kwamba ujumbe uliowekwa kuwa wa kudumu hautapotea hata umeme ukikatika. Ilitoka mwaka 1993 kwa jina la MQSeries, ikaitwa WebSphere MQ mwaka 2002, kisha IBM MQ mwaka 2014. Meinfremu, zile kompyuta kubwa zinazotunza akaunti za benki, bima na tiketi za ndege, zimekuwa makao yake tangu mwanzo. Hata asiyewahi kuiona meinfremu huweza kukutana nayo: Alliance Access, programu ambayo benki nyingi duniani huitumia kuunganishwa na SWIFT, ina adapta maalumu ya MQ. Si ajabu basi fundi wa benki Nairobi au Dar es Salaam kuyajua majina ya foleni hizi vizuri kuliko majina ya majirani zake.

Ilikochorwa ndege, ikazaliwa foleni

Maabara ya IBM ambako MQ ya meinfremu ilitengenezwa ipo Hursley, kijiji cha Hampshire kusini mwa Uingereza. Jumba kubwa la hapo, Hursley House, lilikuwa na kazi nyingine kabla ya IBM kuingia mwaka 1958. Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yalipokipiga kiwanda cha Supermarine mjini Southampton, wachoraji na wahandisi wa ndege ya kivita ya Spitfire walihamishiwa humo, na michoro ya matoleo yaliyofuata ya ndege hiyo ikafanyiwa kazi ndani ya vyumba vya jumba hilo.

Ufafanuzi 180 au 20?

Kabla ya klasta, kila mameneja wawili wa foleni waliotaka kuzungumza walihitaji kuunganishwa kwa mkono. Chukua mameneja 10 ambao kila mmoja anataka kumfikia kila mwenzake. Hizo ni njia 90 za upande mmoja, na kila njia inadai chaneli ya kutuma huku na ya kupokea kule: ufafanuzi 180 wa chaneli, mbali na foleni za kusafirishia. Mwaka 1999 MQ ikaleta klasta, kundi la mameneja wa foleni wanaopashana habari zao wenyewe. Kila meneja sasa anahitaji chaneli mbili tu za kuanzia, moja ya kupokea ya klasta na moja ya kutuma ya klasta. Jumla 20. Nyingine zote mfumo hujitengenezea wenyewe pale zinapohitajika.

Unajitengenezeaje? Hapo ndipo penye uhondo, na ndipo matatizo karibu yote yanapoanzia. Ndani ya klasta wapo mameneja wachache, kwa kawaida wawili, wanaoteuliwa kuwa hazina kamili. Kazi yao ni ya balozi wa nyumba kumi: wanajua nani anaishi wapi na ana nini. Wengine wote ni hazina pungufu. Wanajua habari zao wenyewe, na zile tu walizowahi kuziuliza. Programu ikifungua foleni kwa mara ya kwanza, meneja wake huiuliza hazina kamili, "Foleni hii iko kwa nani, na nampataje?" Jibu likija, chaneli inajengwa papo hapo na ujumbe unaondoka.

Kwa hiyo klasta inaishi kwa habari. Meneja mmoja anamwambia mwenzake kuhusu mwingine, na mwenzake anaamini. Ninavyoona mimi, aliyeshika jambo hilo moja ameshika nusu ya kazi ya kutafuta kosa. Klasta zinazougua kwa sababu mashine imekufa ni chache. Nyingi zinaugua kwa sababu mtu fulani ndani yake anaamini habari iliyokwisha kupitwa na wakati.

Kosa la Januari linaloonekana Aprili

Habari ndani ya klasta zina umri. Meneja wa foleni akitangaza habari zake, wenzake huzitunza kwa siku 30. Ili zisiishe muda, yeye mwenyewe huzituma upya kila siku ya 27, bila kuamriwa na mtu. Zikifika siku ya 30 bila kutumwa upya huhesabika kuwa zimekwisha, lakini hazifutwi hapo hapo. Zinapewa siku 60 za uvumilivu, kwa sababu huenda mwenyewe yuko kwenye matengenezo. Siku ya 90 ikipita, hufutwa, na meneja huyo si mwanaklasta tena.

Sasa fikiria maana yake kwa mtu anayetafuta chanzo cha tatizo. Mwanzoni mwa Januari mtu wa mtandao anabadilisha sheria za fayawoli, na meneja mmoja anashindwa kuzifikia hazina kamili. Jumbe za kawaida zinaendelea kupita, kwa kuwa chaneli za moja kwa moja baina yake na wenzake anaoshughulika nao kila siku hazikuguswa. Hakuna anayelalamika. Februari inapita salama, Machi inapita salama. Aprili, asubuhi moja, programu iliyofanya kazi miaka yote inarudishiwa msimbo 2085: jina la kitu halijulikani. Kila mtu anauliza, "Jana mlibadilisha nini?" Jana hakuna aliyebadilisha chochote.

Ninaupenda mfumo huu, lakini sifa hii ndiyo iliyowasumbua watu wengi kuliko zote. Dawa yake ni kusoma ujumbe wa onyo ambao mfumo huutoa mapema. Habari zinapokwisha muda bila kutumwa upya, kianzisha chaneli, sehemu ya MQ inayoendesha chaneli zote, huandika kwenye logi kwamba taarifa za hazina hazikupokelewa kutoka kwa fulani. Onyo hilo huja wiki kadhaa kabla ya jengo kuanguka. Tatizo ni kwamba huja kwa sauti ya chini, katikati ya mistari maelfu ya logi, na mara nyingi hakuna aliyepewa kazi ya kulisoma.

Je, wajua kwamba hazina tano si bora kuliko mbili?

Wapo wanaodhani kuongeza hazina kamili ni kuongeza usalama. Hazina pungufu hutuma habari zake kwa hazina kamili mbili tu, hata ziwe tano, na maombi yake ya kupashwa habari huyapeleka kwa mbili hizohizo. Kisha ni jukumu la hazina kamili kupashana zenyewe. Kupashana huko kunahitaji chaneli za kutuma za klasta zilizofafanuliwa kwa mkono, kutoka kwa kila hazina kamili kwenda kwa kila mwenzake. Akisahauliwa mmoja, unapata klasta yenye ukweli wa aina mbili: kundi hili linaiona foleni, kundi lile halijawahi kuisikia, na kila upande unaapa kwamba uko sawa.

Kosa jirani na hilo ni kumfafanulia mgeni chaneli ya kutuma inayoelekea kwa hazina pungufu badala ya hazina kamili. Anabisha nyumba ambayo haina daftari la kumwandikisha.

Foleni inayotakiwa kuwa tupu, na foleni isiyotakiwa kuwa tupu

Kwa kawaida fundi wa foleni hufurahi kuona sifuri: jumbe zote zimechukuliwa. Kwenye klasta kuna foleni mbili za ndani ambazo tabia zake ni kinyume. SYSTEM.CLUSTER.COMMAND.QUEUE hupokea habari zinazoingia, na inapaswa kukauka haraka. Ikibaki na idadi inayopanda, hakuna anayezisoma. SYSTEM.CLUSTER.REPOSITORY.QUEUE hutunza yale ambayo meneja ameshayajua, na hiyo inapaswa kuwa na kitu ndani. Ukikuta ni tupu kwa meneja aliyemo kwenye klasta, usiseme "safi". Na anayeona jumbe humo akaamua "kufagia" ili pawe nadhifu amemfuta meneja wake kumbukumbu.

Anayeonekana mzima kumbe klasta imelala

Hili ni la meinfremu hasa. Kwenye mfumo wa z/OS, meneja wa foleni hafanyi kazi akiwa kipande kimoja. Kuna nafasi mbili za anwani zinazoanzishwa kila moja peke yake: moja jina lake huishia na MSTR, ambayo ndiye meneja mwenyewe, na nyingine huishia na CHIN, kianzisha chaneli. Chaneli zote huendeshwa ndani ya CHIN, na msimamizi wa hazina ya klasta naye anaishi humo humo.

Kwa hiyo CHIN ikisimama, MSTR inaendelea kupumua. Programu zilizomo ndani ya meinfremu hiyo zinaunganishwa, zinaweka jumbe, zinarudishiwa jibu la mafanikio. Opereta anatoa amri ya kuonyesha foleni na kupata CSQ9022I, neno la mfumo la kusema amri imekamilika vizuri. Kila kitu ni kijani. Wakati huo huo hakuna ujumbe hata mmoja unaotoka nje, na zote zinajazana kwenye foleni ya kusafirishia. Njia ya haraka ya kuligundua hili ni kutoa amri ya DISPLAY CLUSQMGR, kwa kuwa kwenye z/OS amri hiyo hukataa kabisa kama CHIN haijaanzishwa. Na kwenye logi ya CHIN tafuta namba mbili: CSQX410I, msimamizi wa hazina ameanza, na CSQX411I, amesimama. Ukiiona ya pili bila ya kwanza kuifuata, umeshalipata.

Herufi hizo za mwanzo zenyewe ni ramani. Kila ujumbe wa MQ kwenye z/OS huanza na CSQ, na herufi inayofuata hutaja idara iliyosema. X ni kianzisha chaneli. J ni idara ya logi. P ni ile ya bafa. E ni ile inayoshughulika na kifaa cha kuunganishia meinfremu kadhaa. Kwenye mifumo mingine, kama Linux, matatizo yaleyale huandikwa kwa namba zinazoanza na AMQ. Fundi wa klasta yenye mchanganyiko hulazimika kusoma lahaja zote mbili.

Foleni moja, safari zote

Katika mpangilio wa asili, jumbe zote zinazotoka kwa meneja kwenda kwa wenzake wote wa klasta hupitia foleni moja: SYSTEM.CLUSTER.TRANSMIT.QUEUE. Kila ujumbe huwekewa alama ya chaneli itakayoubeba, na kila chaneli huchagua zake kwa kuifuata alama hiyo. Kwenye z/OS foleni hii inapaswa kuwa na faharasa ya alama hizo, INDXTYPE ikiwekwa CORRELID. Bila faharasa, chaneli inayotafuta jumbe zake hulazimika kupekua moja baada ya nyingine, na foleni ikishakuwa na maelfu ya jumbe za meneja aliyezimika, hata wale wazima wanaanza kwenda polepole.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Jumbe za kawaida za z/OS hukaa ndani ya seti za kurasa, kila ukurasa baiti 4,096, na seti moja inaweza kukua hadi gigabaiti 64. Foleni nyingi hutumia seti moja kwa pamoja. Mwanaklasta mmoja wa mbali akizimika wikiendi nzima, jumbe zake zinarundikana, seti inajaa, na programu ambayo haina uhusiano wowote na mwanaklasta huyo inarudishiwa msimbo 2192: mahali pa kuhifadhi pamejaa. Anayelia si aliyeumia kwanza. Nimewahi kuona kikao kizima cha mafundi kikijadili foleni ya malipo kwa sababu ndiyo iliyokuwa inalalamika, ilhali mzizi ulikuwa kwenye foleni ya kusafirishia iliyokaa nayo nyumba moja.

Tangu toleo la 8 la mwaka 2014 inawezekana kwenye z/OS kumpa kila mwanaklasta foleni yake ya kusafirishia, kwa kuweka sifa ya meneja iitwayo DEFCLXQ kuwa CHANNEL. Naipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote mwenye klasta ambayo baadhi ya wanachama ni wazito au wana desturi ya kuzimwa. Tatizo likitokea, kina cha foleni kinakutajia jina la mgonjwa moja kwa moja.

Herufi nne

Jina la foleni linaweza kufika herufi 48. Jina la chaneli, 20. Meneja wa foleni kwenye Linux au Windows naye ana nafasi ya 48. Lakini meneja wa foleni kwenye z/OS hana zaidi ya 4, kwa kuwa yeye ni mfumo mdogo ndani ya mfumo mkuu, na majina ya mifumo midogo huko yana mipaka hiyo tangu zamani. Ndiyo sababu klasta moja huweza kuwa na meneja aitwaye MQ01 akizungumza na mwingine mwenye jina refu kama anwani ya posta.

Herufi ndogo nazo ni mtego. Ukiandika jina bila alama za kunukuu, MQ huligeuza lote kuwa herufi kubwa. Fundi wa Linux anatengeneza foleni kwa herufi ndogo ndani ya alama za kunukuu, wa meinfremu anaiita bila alama hizo, na foleni "haipo". Macho ya binadamu yanaona jina moja. Mfumo unaona mawili.

Mizimu kwenye orodha

Ukiorodhesha wanaklasta na kukuta jina linaloanza na SYSTEM.TEMPQMGR likifuatiwa na jina la mashine, usiogope kwamba kuna mvamizi. Hilo ni jina la muda. Meneja wako amepewa anwani ya hazina kamili, ila bado hajawahi kufanikiwa kuzungumza nayo ili aambiwe jina lake halisi, kwa hiyo ameibandika jina la kushikilia nafasi. Likidumu zaidi ya dakika chache, tafuta kwenye njia ya kwenda huko: anwani, poti, ambayo kwa desturi ya MQ ni 1414, au vyeti vya usalama. Kagua pia njia ya kurudi. Anwani iliyoandikwa kwenye chaneli ya kupokea ndiyo inayotangazwa kwa wanaklasta wote ili wamfikie mwenyewe. Akiandika jina la mashine linaloeleweka ndani ya ofisi yake tu, anaweza kuuliza lakini hakuna awezaye kumjibu. Hili hutokea mno.

Mzimu wa pili ni mgumu zaidi. Meneja wa foleni anafutwa kisha anaundwa upya kwa jina lilelile. Kwa binadamu ni yuleyule. Klasta, hata hivyo, humtambua kila mmoja kwa kitambulisho cha ndani kiitwacho QMID, ambacho hutengenezwa upya kila meneja anapoumbwa. Sasa wako wawili wenye jina moja: aliye hai, na marehemu ambaye habari zake bado zimo kwenye hazina, na jumbe zinaweza kukwama zikimsubiri. Kumwondoa kunafanywa kwenye hazina kamili kwa amri ya RESET CLUSTER yenye kitendo cha FORCEREMOVE, kwa kutaja QMID ya marehemu. Ukitaja jina tu, mfumo hauwezi kujua unamzika yupi.

Kwa nini mzigo wote umeegemea upande mmoja?

Watu hujenga klasta ili kazi igawanywe, kisha wanakuta meneja mmoja anabeba jumbe zote na mwenzake anakaa bure. Karibu kila mara si hitilafu. Sifa ya DEFBIND ya foleni, isipoguswa, huwa OPEN: programu ikifungua foleni, inachaguliwa pa kupeleka mara moja, na jumbe zote za ufunguzi huo zinafuata huko huko. Programu inayofungua foleni asubuhi na kuifunga jioni imechagua mara moja kwa siku nzima. Sifa hiyo ikiwekwa NOTFIXED, uchaguzi hufanywa kwa kila ujumbe, na zaidi ya hapo, jumbe zilizokuwa zikisubiri chaneli iliyokatika huweza kuelekezwa kwingine.

Sababu ya pili ni CLWLUSEQ. Isipobadilishwa, meneja mwenye nakala ya foleni hiyo nyumbani kwake hupendelea ya nyumbani daima, hata wenzake wawe na nafasi tele.

Na jambo hili lisemwe wazi kwa wenye kuamua bajeti: klasta hugawanya jumbe mpya, haifufui zilizokwisha kufika. Ujumbe uliotua kwa meneja ambaye kisha akazimika unakaa naye mpaka awashwe. Foleni ya klasta huandikiwa kutoka mbali lakini haisomwi kutoka mbali. Anayejaribu kuifungua kwa kusoma kutoka kwa meneja mwingine mara nyingi hurudishiwa 2085 ileile ya jina lisilojulikana, akaanza kutafuta kosa kwenye klasta wakati kosa limo kwenye programu yake. Meinfremu ina jibu lake la peke yake kwa haja hiyo: makundi ya kushiriki foleni, yaliyokuja mwaka 2000. Ndani yake jumbe huwekwa kwenye kifaa cha pamoja, na meneja yeyote wa kundi anaweza kuzichukua mwenzake akianguka.

Nusu ya jumbe hazisomeki

Meinfremu huandika herufi kwa mpangilio wa EBCDIC, uliokuja na System/360 mwaka 1964. Mashine nyingi nyingine hufuata ASCII na vizazi vyake. Herufi A ni 65 kwenye ASCII na 193 kwenye EBCDIC. Hata utaratibu wa kupanga umegeuka: kwenye ASCII tarakimu hutangulia, zikafuata herufi kubwa, kisha ndogo, kwenye EBCDIC ndogo ziko mbele, kubwa zikafuata, tarakimu mwisho.

MQ hutafsiri baina ya mipangilio hii, mradi programu inayopokea iombe tafsiri na ujumbe uwe umetajwa kuwa ni maandishi. Mtumaji akiacha aina ya ujumbe wazi, hakuna tafsiri. Kwenye klasta yenye meinfremu na Linux zinazogawana foleni moja, hapo ndipo unapata kile kisa cha ajabu ambamo jumbe baadhi zinasomeka safi na nyingine ni takataka, bila mpangilio unaoonekana. Mpangilio upo: tazama kila ujumbe ulitua wapi.

Nakala ya akiba inayozungumza na walio hai

Mabenki hufanya majaribio ya maafa. Nakala ya meinfremu nzima inawashwa kwenye kituo cha pili ili kuona kama itafanya kazi. Ndani ya nakala hiyo yumo meneja wa foleni mwenye jina lilelile, QMID ileile, na chaneli zinazojua anwani za klasta halisi. Mtandao wa majaribio usipotengwa kabisa, nakala inaanza kujitambulisha kwa wenzake walio kazini kana kwamba ndiye mwenyewe. Jumbe za kweli zinaweza kwenda kwenye majaribio.

Kurejesha meneja kutoka kwenye nakala ya zamani kuna shida ya kufanana. Habari za klasta zina mfuatano, na aliyerejeshwa anarudi na mfuatano wa nyuma. Wenzake wanaona anasema mambo waliyokwisha kuyapita, wanayapuuza. Baada ya kumrejesha, amri ya REFRESH CLUSTER kwa kila klasta aliyomo ni sehemu ya kazi.

Amri inayopendwa kupita kiasi

Nje ya kisa hicho, REFRESH CLUSTER ndiyo amri inayokimbiliwa na wengi tatizo lolote likitokea, nami nasisitiza isikimbiliwe. Inamfanya meneja asahau alichokijua kuhusu wengine na kuuliza upya. Kwenye klasta ndogo hupita bila kusikika. Kwenye klasta ya mamia ya mameneja huzusha gharika ya maswali na majibu, na programu zinazofungua foleni katikati yake zinaweza kurudishiwa 2189, yaani klasta haikuweza kutambua pa kupeleka. Umbo lake la REPOS YES, linalosahaulisha hata hazina kamili ni nani, halikubaliki kutolewa kwenye hazina kamili yenyewe. Sharti kwanza ishushwe cheo kuwa pungufu.

Kabla ya kuifikia, angalia kwanza hali ya chaneli za pande zote mbili, CHIN, zile foleni mbili za ndani, na logi ya hazina kamili. Usidanganyike na orodha ya foleni kwenye hazina pungufu: isipokuwa na jina fulani, huenda ni kwa sababu hakuna programu iliyowahi kuliuliza hapo.

Ukilazimika kuitoa kwenye klasta kubwa, kuna jambo ambalo nyaraka za IBM zenyewe hulitaja na wengi hulipita. Habari zote zilizotangazwa upya siku hiyo zimezaliwa pamoja, kwa hiyo zitatumwa upya pamoja, siku 27 baadaye, na kila siku 27 baada ya hapo. Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya zamu, ili atakayekuwa kazini usiku huo ajue msongamano huo umetoka wapi.